Vipanzi Wanaofyonza Nyasi: Watafute Kabla Hujapanda Mahindi

Vijana wengi wanaolima mahindi ya kuchoma kwa umwagiliaji wananitumia picha za majani yenye milia myeupe na ya njano, na swali ni lile lile: "Afisa, nipige dawa gani?" Mmea ukishafika hapo hakuna dawa ya kuuponya. Huo ni ugonjwa wa milia ya mahindi. Unasababishwa na virusi, na aliyevileta ni mdudu ambaye siku chache kabla alikuwa kwenye nyasi za pembeni mwa shamba lako. Leo tumjue huyo.

Wakulima huwaita vipanzi na mimi nitawaita hivyo hivyo, ila siyo panzi. Panzi hutafuna, huacha jani limekatika. Huyu hufyonza, jani linabaki zima. Anayetuhusu zaidi ni wa kundi la Cicadulina, hasa Cicadulina mbila. Ana urefu wa milimita 3 hivi, yaani kama nusu ya punje ya mchele. Ni mwembamba, wa njano iliyofifia, mabawa kayakunja mgongoni kama paa la nyumba. Kichwani ana vidoa viwili vyeusi. Mpige picha kwa simu halafu ikuze, utaviona. Ukiwa na lenzi tazama mguu wa nyuma: una safu za miiba midogo kama meno ya kitana.

Tabia yake nayo inamtambulisha. Ukimsogelea anatembea kiupande upande kama kaa, anajificha nyuma ya jani, kisha anaruka. Vidukari haviruki. Yupo mwingine anayejazana ndani ya moyo wa hindi, sisimizi wakimfuata kwa ule utomvu mtamu anaotoa. Huyo naye anaruka, lakini kwenye mguu wa nyuma ana mwiba mmoja mkubwa unaochezacheza, na virusi vya milia hii habebi. Usiwachanganye.

Sasa makazi. Hapa ndipo wengi mnapokosea, mnamtafuta kwenye mahindi. Kipanzi huyu anapenda nyasi fupi, changa, zinazopigwa jua: kingo za mifereji, pembeni mwa barabara, sehemu zilizolishwa na ng'ombe zikachipua upya. Anakaa pia kwenye ulezi, ngano, na mahindi ya maotea uliyoacha baada ya kuvuna. Jike hutaga mayai ndani ya jani lenyewe, kwa hiyo hutayaona. Tunutu wake hawana mabawa, ila nao wanafyonza na wanaweza kuchukua virusi. Akishavichukua anabaki navyo maisha yake yote, ingawa watoto wake huzaliwa bila navyo. Mvua ikikata na nyasi zikakauka, wenye mabawa wanahama kutafuta kijani. Na kiangazi kijani kiko wapi? Kwako wewe mwenye pampu.

Kumkagua ni kazi ya asubuhi na mapema, kabla jua halijawapa nguvu za kuruka. Chukua neti nyepesi, au kata chandarua chakavu ushonee kwenye waya, ukipitishe juu ya nyasi mara kumi au ishirini, kisha umimine ulichopata kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha. Ukiona nyasi zenye milia usikimbie kwanza. Nyingi zina virusi vya ndugu ambavyo kwa mahindi si vikali. Wasiwasi wangu ni vipanzi wengi, na jirani mwenye mahindi yenye milia upande upepo unakotoka.

Ukiwakuta, fyeka na safisha ukanda wa mita 10 hivi kuzunguka shamba mapema, siyo siku ya kupanda. Ukifyeka mahindi yakiwa yameota umewahamishia wageni mezani. Ng'oa maotea. Panda mbegu inayovumilia milia, kama TMV-1 au Staha, au mbegu iliyopakwa kiuatilifu chenye imidakloprid. Wiki tatu za kwanza ndizo za kulinda kwa nguvu zote, maana mmea ulioambukizwa hapo unaweza usizae kabisa. Ukiambukizwa baada ya wiki 8 hasara ni ndogo.

Kwa taarifa tu, mengi tunayojua kuhusu mdudu huyu yalichunguzwa hapa kwetu Amani, Tanga. Miaka ya 1930 mtafiti H. H. Storey alionyesha pale kwamba siyo kila Cicadulina mbila anaweza kueneza virusi, na kwamba uwezo huo unarithiwa.

Wafugaji, na nyie mna wenu. Ule udumavu wa nepia, majani yanakuwa madogo ya njano na shina halirefuki baada ya kukata, unaenezwa na kipanzi mwingine, Maiestas banda, na pia kwa pando. Akikupa mtu pando za bure, nenda kwanza uone shina lililobaki shambani kwake linachipua vipi.