Mtawa, Fakiri na Bhikkhu: Juu ya Majina ya Jamaa ya Kibudha kwa Kiswahili

Wafasiri wa Kiswahili, wakutanapo na habari za dini ya Budha, huwa wepesi kumwita bhikkhu "mtawa". Neno limekwisha kuzoewa katika matumizi ya Wakristo, nalo si baya. Walakini asili yake yafaa itazamwe. Kutawa ni kukaa ndani, mbali na macho ya watu. Zamani, katika miji ya pwani, mwanamke wa heshima asiyetoka nje alisemwa kuwa ametawa. Ama neno la Kipali litajalo kuingia katika maisha hayo, pabbajja, maana yake ni kinyume kabisa: ni kutoka, kuiacha nyumba na kwenda zake. Na bhikkhu, kwa asili ya jina lake, ni mwombaji. Basi mtu aliyetoka kwao akashika bakuli huitwa kwa Kiswahili mtu akaaye ndani.

Je, "fakiri" halifai zaidi? Kwa umaskini wa hiari lafaa sana, lakini masikioni mwa Mswahili limefungamana na tarika za Kiislamu. "Mwombaji" nalo hulifanya jambo kuwa la barabarani, hali bhikkhu hasemi neno apitapo na bakuli lake. Husimama kimya, akatiwa chakula au asitiwe. Sheria zake, ambazo kwa wanaume wa madhehebu ya Theravada ni 227, zamkataza kugusa fedha, kulima, kukata mimea, kuweka akiba ya chakula, na kula baada ya adhuhuri. Mtu akizisoma moja moja aweza kudhani ni ukali mtupu. Zikisomwa pamoja, kusudi lake laonekana: bhikkhu hawezi kuishi siku mbili pasipo wanakijiji, na wanakijiji hawakosi siku ya kumwona. Wao humpa chakula, yeye huwapa mafundisho. Huko si kutawa.

Mfano mzuri ni Wat Nong Pah Pong, iliyoanzishwa na Ajahn Chah mwaka 1954 msituni katika jimbo la Ubon Ratchathani, kaskazini-mashariki ya Thailand, karibu na kijiji alichozaliwa. Wageni kutoka nchi za mbali walipozidi, mwaka 1975 ilifunguliwa Wat Pah Nanachat, ambako mafunzo hutolewa kwa Kiingereza. Kazi kubwa ya humo ni bhavana, ambayo Kiswahili huiita "kutafakari". Hapa pana hitilafu nyingine. Kutafakari ni kulipeleka wazo mbele, kulipima na kuligeuza. Bali mwanafunzi aketiye akiangalia pumzi yake huambiwa asiyafuate mawazo. Bhavana kwa asili ni kufanya kitu kiwe, kukikuza. Labda "malezi ya moyo" lingekaribia zaidi, ingawa ni refu kwa matumizi ya kila siku.

Liko neno moja ambalo Kiswahili hulipokea bila shida yo yote. Vassa kwa Kipali ni mvua, tena ni mwaka. Bhikkhu hukaa mahali pamoja miezi mitatu ya mvua, na ukubwa wake katika jamaa huhesabiwa kwa idadi ya vassa alizokaa. Mtu wa Mombasa asemaye "mvua ya mwaka" hana haja ya kufafanuliwa. Ajabu ni kwamba muda huo hufuata kalenda ya mwezi ya Asia, kati ya Julai na Oktoba, hata katika hekalu la Dar es Salaam lililojengwa zama za Waingereza na watu waliotoka Ceylon. Na huko "masika" hayo huangukia wakati wa ukavu.

Kwa upande wa huduma, jina la "mwombaji" lashindwa kabisa huko Taiwan. Katika mji wa Hualien, mwaka 1966, mtawa wa kike Cheng Yen alianzisha jumuiya ya Tzu Chi pamoja na akina mama wa nyumbani, ambao kila siku walitia senti chache katika vibuyu vya mianzi kwa ajili ya maskini. Hospitali yao ilifunguliwa mwaka 1986. Watawa wenyewe hawali katika sadaka hizo. Hujipatia riziki kwa kazi za mikono.

Jambo zito zaidi ni la wanawake. Kipali hutofautisha bhikkhu na bhikkhuni, naye bhikkhuni ana sheria 311. Kwa kawaida ya Theravada, bhikkhuni hupokewa na jamaa zote mbili, ya wanawake na ya wanaume. Kwa hiyo safu ya wanawake ilipokatika katika Sri Lanka, yapata karne ya 11, wengi walishika kwamba haiwezi kuungwa tena. Ilirudishwa kwa msaada wa safu ya Asia ya Mashariki, katika sherehe za Sarnath mwaka 1996 na Bodh Gaya mwaka 1998. Thailand haikukubali: amri ya mwaka 1928 ilikuwa imewakataza mabhikkhu kuwaingiza wanawake. Mwaka 2009, Ajahn Brahm, mwanafunzi wa Ajahn Chah, alipowapokea wanawake wanne huko Australia, monasteri yake ilitengwa na jamaa ya Wat Nong Pah Pong.

Sasa katika Thailand wako pia mae chi, wanawake wavaao nguo nyeupe na kushika amri nane, wasiohesabiwa kuwa katika safu hiyo. Mfasiri akimwita mae chi "mtawa wa kike", na bhikkhuni pia "mtawa wa kike", amekwisha kulifuta shauri lililowagawa watu hao, tena bila kujua. Kiswahili hakibagui mume na mke katika ngeli zake, na mara nyingi hiyo ni neema. Hapa hapana budi kuazima. Bhikkhu, bhikkhuni na mae chi yaachwe kama yalivyo, na "mtawa" litumike pale tu ambapo wote watatu wanatajwa kwa pamoja.