Mbolea Isilale Sakafuni

Mvua za Kabanga, Kasulu, zikianza Oktoba au Novemba huendelea hadi Mei. Kwa hiyo ghala la mbolea hukaa katika unyevu karibu msimu mzima. Urea hufyonza maji hata hewani. Mifuko ikipangwa juu ya saruji tupu na kuegemezwa ukutani, ile ya chini huganda kama jiwe, na mkulima aliyekwisha kulipa ndiye apewaye jiwe hilo. Mbao chache chini na upenyo kandoni vingetosha. Jambo hili halihitaji kikao.

Petroli nayo isiwekwe humo. CAN ni amonia naitreti iliyochanganywa na chokaa. Tani 2,750 za amonia naitreti zilizolipuka Beirut, Agosti 4, 2020, zilikuwa ghalani tangu 2014, na maofisa wa forodha walikwisha kuwaandikia mahakimu.