Fumo: Jina la Wenye Enzi

Ukisikia mtoto anaitwa Fumo leo, huenda ukadhani ni lakabu ya mtaani. Kwenye daftari za shule za pwani utawakuta kina Ali, Omari na Bakari tele, ila Fumo ni wa kutafuta. Hata hivyo, jina hili lilibebwa na watawala wa Pate na Witu, nalo ni Kiswahili kitupu.

Fumo lina maana mbili. Ya kwanza ni mkuki wenye ubapa mpana. Hapo lina undugu na kitenzi fuma, yaani kuchoma kwa mkuki au mshale. Ya pili ni mtawala, na ndiyo inayotufaa zaidi katika kulielewa jina. Wachewa wa Malawi humwita chifu mfumu. Wakongo, huko upande wa Atlantiki, nao husema mfumu. Wareno walioingia bonde la Zambezi waliandika kwamba wakuu wa vijiji waliitwa fumo. Cheo kilichoenea namna hiyo ni cha kale katika lugha za Kibantu, wala hakihitaji mkuki ili kielezeke.

Mwenye cheo hicho anayekumbukwa kuliko wote ni Fumo Liyongo, shujaa na malenga wa masimulizi ya Pate na mdomo wa mto Tana. Katika utendi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913, mwanawe anamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo anapiga goti karibu na kisima, upinde tayari mkononi, na kufa akiwa vivyo hivyo. Watu wa mji wanakosa maji kwa kuogopa kumkaribia, wasijue kwamba ni maiti.

Baadaye cheo kikawa jina la kawaida katika ukoo wa Wanabahani, watawala wa Pate na Witu. Ahmed bin Fumo Luti, aliyejulikana kama Simba, aliitawala Witu, na mwaka 1885 akaingia chini ya ulinzi wa Wajerumani. Aliyemfuata, Fumo Bakari, ndiye aliyeshambuliwa na Waingereza Oktoba 1890, mji wake ukateketezwa. Fumo Omari akaendeleza upinzani. Usultani ulipodhoofika, jina nalo likapungua.

Yatazame majina hayo tena: Fumo Bakari, Fumo Omari. Bakari limetokana na Abubakar, na Omari ni Umar, makhalifa wawili wa mwanzo wa Uislamu. Wazee wetu waliyaweka majina hayo ubavuni mwa cheo cha Kibantu, na dini yao haikupungua hata chembe. Kwa hiyo mzazi anayeambiwa kwamba jina la Kiswahili halimfai mtoto wa Kiislamu ana jibu katika historia ya pwani yenyewe. Amwite mwanawe Fumo bila wasiwasi, na amfundishe mapema kwamba anayeitwa hivyo anatarajiwa kuwatumikia watu wake.