Mama Mwalimu: miaka 46 mbele ya ubao

Ndugu wachimbaji, ba mama wa kambi, na ninyi vijana munaosoma gazeti hii nyuma ya bega la baba: leo hatusemi juu ya bei ya kobalti. Tunataka kuwaeleza habari ya mutu moja wa hapa Kolwezi, ambaye wengi wetu tulipita mikononi mwake. Jina lake hatuliandiki. Mwenyewe alitukataza: "Mukiandika jina, bantu batasema niko naomba kitu." Basi tutamuita namna kila mutu anamuita mu kartie, Mama Mwalimu.

Alianza kufundisha mu Septemba 1978, miezi minne tu nyuma ya vita ya Kolwezi. Alikuwa na miaka 21. Walimupa mwaka wa kwanza, na mpaka leo hajauacha. Mara mbili wakubwa walitaka kumupandisha ku mwaka wa sita, akakataa. "Mutoto asipojua kusoma mu mwaka wa kwanza," anasema, "mu mwaka wa sita anakopia tu." Sisi tunaoandika tulisoma kwake mu miaka ya 1980. Tunakumbuka rula yake ya mbao, tunakumbuka pia kwamba alijua nani alikuja bila kula.

Kiisha mambo yakaharibika. Mina ya Kamoto ilibomoka mu Septemba 1990, uzalishaji wa shaba ukaanguka, na nchi muzima ikayumba. Mishahara ya wafanyakazi ikaanza kuchelewa, mwezi moja, miezi tatu, kiisha watu wakaacha kuhesabu. Serkali nayo haikulipa tena walimu vizuri, ndipo wazazi walipoanza kulipa primu ya mwalimu kutoka mufukoni mwao. Lakini muzazi ambaye hakupata mushahara angelipa na nini? Kila mwezi direktere alikuwa anapita mu makalasi na lisiti, anafukuza watoto.

Mama Mwalimu alinunua daftari ya kifuniko cha bluu. Kila mutoto aliyepashwa kufukuzwa, aliandika jina lake mule na deni yake, halafu akaenda kumwambia direktere: hii mukate ku sehemu yangu ya primu. Tuliiona daftari ile. Ingali mu sanduku yake, chini ya Biblia na karatasi za kuzaliwa za watoto. Mwaka wa masomo 1997-1998 peke yake uko na majina 31. Mule tumekuta delege moja wa sendika, wadreva wawili wa kamyo kubwa, masudere, na infirmye moja. Wadogo zetu wawili wako ku ukurasa wa pili. Deni yao haijapigwa mustari.

Alikula nini, yeye? Alilima mahindi ku njia ya Mutshatsha. Mangaribi alikaranga mikate ya mafuta, watoto wakaiuza ku barabara. Bwana yake alikuwa mutu wa chini ya udongo. Mu 2003 alitoka kazini pamoja na wengine zaidi ya 10.000, mu ile mpango walioita kuondoka kwa kupenda (kupenda gani, kila mutu ajijibu mwenyewe). Feza ile, wengine walinunua motokari zilizokufa mbele ya mwaka kwisha. Yeye alinunua mabati ya nyumba. Alikufa mu 2009, na nyumba ingali inasimama. Mama alibaki na watoto wake watano, na watatu wa mudogo wake marehemu. Wote wanane wamesoma.

Ku kanisa la Metodiste yeye ni mama wa Kipendano. Hahubiri sana. Ku kilio utamukuta upande wa jiko, na karatasi: nani ameleta unga, nani mafuta, nani makala. Kila siku ya posho, nyuma ya saa nane, anafundisha ba mama wakubwa kusoma, kwa Biblia ya Kiswahili. Wengine walicheka, wakasema mama muzee anasoma ya nini. Muke wa krezere moja alianza kujua kusoma mu Machi. Mu Juni alikataa karatasi ya depo ya mawe, juu waliandika kilo 38, na gunia lilipimwa kilo 52 mbele ya macho yake. Toka siku ile hakuna anayecheka. Bwana yake sasa haendi depo bila yeye.

Mu 2014, wakati watu waligundua mawe chini ya nyumba za Kasulo, makalasi ya kartie nyingi yalianza kubaki wazi. Sheria inakataza mutoto kufanya kazi ya mina, sisi wa sendika tunaisema kila mwaka. Lakini mutoto anaosha mawe hasomi sheria, na nyumbani sufuria iko tupu. Mama Mwalimu alichukua registre yake, akaenda ku muto, akaingia mu maji mpaka magoti, akaanza kuita majina sawa mu kalasi. Watoto wakaitika "Preza!" juu ya mazoea, na mabasini mikononi. Aliita 14. Kesho yake tisa walirudi. Aliwapikia uji na mahindi ya shamba yake mpaka mwisho wa mwaka. Wale watano wengine, anaweza kukutajia majina yao hata leo.

Toka Septemba 2019 masomo ya primere ni ya bure. Tulifurahi, na tungali tunafurahi. Lakini kalasi yake ilitoka watoto 54, ikafika 112, na wengi wanaandika wakikaa chini. Walimu wawili vijana wa pale hawajaingia mu lisiti ya Serkali, kwa hiyo hawapati kitu. Kila mwisho wa mwezi Mama anawakatia kidogo ku mushahara wake.

Yeye mwenyewe alipaswa kupumzika zamani. Makaratasi yake yameenda, yamerudi, yameenda tena. Bila feza ya mwisho wa kazi hawezi kutoka. "Nikitoka leo mikono mitupu, kesho bale batoto bangu banane ndio batanibeba," anasema, "na bao beko na babo." Serkali inayoacha mwalimu azeeke mbele ya ubao juu haitaki kumulipa haki yake, inamuibia mara mbili, yeye na kijana anayengojea nafasi yake.

Komite yetu ilitaka kumuchangia feza. Alikataa, akaomba mabenchi 20. Masudere wanne, wote wa daftari ya bluu, walikuja siku ya posho tatu mufululizo, wakafanya vyuma vya yote 20 na mabomba ya zamani. Kumi na moja yamekwisha, watoto wanayakalia. Tisa yanangojea mbao. Mwenye mbao azilete ku biro ya sendika, asubui mbele ya saa sita.