Baiskeli Nayo Ina Barabara

Nikiwa field, mwanafunzi wangu wa kidato cha pili aliingia darasani goti linavuja damu. Gari lilikuwa limeegeshwa pembeni, dereva akafungua mlango bila kutazama nyuma, kijana akaugonga. Nikauliza darasa: nani amewahi kufundishwa kuendesha baiskeli kwenye magari? Kimya. Ndiyo maana naandika.

Kwanza, kaa kushoto, uelekeo uleule wa magari. Wengi tunadhani kwenda kinyume ni salama kwa sababu unaliona gari linakuja. Piga hesabu: wewe kilometa 15 kwa saa, gari 50, mnakaribiana kwa 65. Mkienda uelekeo mmoja ni 35 tu, na dereva anapata muda wa kupunguza mwendo.

Pili, ukipita magari yaliyoegeshwa, acha nafasi ya mlango kufunguka.

Tatu, daladala ya Buhongwa ikianza kuingia kituoni, usiipenye kushoto. Subiri nyuma. Kwa lori, kama huoni vioo vyake, dereva naye hakuoni.

Usiku washa taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma.

Na wewe unayeendesha gari, baba anayetoka Mwaloni Kirumba na gunia la dagaa lazima ayumbe kidogo. Ukimpita, mpe angalau mita moja na nusu.

Siku ile niliacha topiki, tukachora barabara ubaoni. Ilichukua dakika 20. Walimu wenzangu watarajiwa, mkienda field, zitafuteni hizo dakika.