Dushi ya karo si ya matajiri peke yao

Hapa Kamina, mshahara ukiingia tunakimbilia televizyo. Dushi inabaki nyuma ya nyumba, chini udongo mutupu. Lakini wenzetu wanaochimba kasiteriti kule Malemba-Nkulu wanarudi na vumbi kwenye nguo na nywele, na mtoto anawarukia mlangoni. Sisi wa sendika tunasema: tuanze na dushi.

Fundi amwage sima yenye mteremko, maji yaende kwenye tundu. Chini tuweke karo zenye kukwaruza, maana laini zinateleza na sabuni. Laini ziende ukutani, zinapanguswa upesi.

Kabati la vioo tulitundike juu, mbali na maji, na kufuli: dawa tunaziona, mtoto hazifikii. Pesa ikiwa kidogo, kabati lingoje. Karo za chini kwanza.

Baba aoge, ndipo abebe mtoto.