Kabla fundi hajaformata kompyuta yako, uliza maneno ya siri yanakaa wapi

Mashine inarudi kutoka kwa fundi ikiwa nyepesi. Picha zipo, kazi za chuo zipo, hata nyimbo za zamani zipo. Kisha mwenyewe anafungua Firefox au Chrome ili aangalie barua pepe yake, na pale ambapo neno la siri lilizoea kujiandika lenyewe, anakuta nafasi tupu. Kulikumbuka hawezi. Aliliandika mara moja tu, miaka kadhaa iliyopita, na tangu siku ile kompyuta ndiyo iliyokuwa inamkumbukia.

Sababu za kuformata hazikosekani hapa mashariki mwa Kongo. Kuna virusi vinavyotembea na flashi kutoka mashine moja hadi nyingine, na kuna umeme unaokatika katikati ya kazi hadi Windows inakataa kuwaka. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 imeongezeka nyingine: Microsoft ilisimamisha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10, na wenye mashine za okazio wanajiuliza kama wasakinishe Windows 11, au wahamie Linux pale ambapo mashine ni ya zamani mno.

Fundi mzuri huuliza kwanza ni vitu gani vya kulinda. Mteja hujibu: hati zangu na picha. Fundi ananakili folda za hati, picha, na vitu vilivyo juu ya skrini, kisha anafuta diski. Amefanya alichoombwa, kwa hiyo kumlaumu baadaye si haki. Maneno ya siri hayakai katika folda hizo. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia intaneti, huyaweka katika folda ya Windows inayoitwa AppData, ambayo kwa kawaida imefichwa na haionekani mpaka uamuru vitu vilivyofichwa vionekane.

Tofauti kubwa iko kati ya Firefox na Chrome, na ndiyo inayoamua kama utarudishiwa vitu vyako au la.

Firefox huweka mambo yake yote katika folda moja inayoitwa profili. Ndani yake kuna faili mbili za kuangalia. Ya kwanza, logins.json, ina majina na maneno ya siri yaliyofungwa kwa msimbo. Ya pili, key4.db, ndiyo ufunguo. Ukichukua moja bila nyingine hupati kitu: utakuwa na sanduku bila ufunguo, au ufunguo bila sanduku. Ukizichukua zote mbili kwenye flashi, umeokoka. Hata kama Windows haiwaki tena, fundi anaweza kutoa diski, kuiunganisha na mashine nyingine, na kuzitafuta katika njia hii: AppData, Roaming, Mozilla, Firefox, Profiles. Huko atakuta folda yenye jina la herufi zisizo na maana, mara nyingi likiishia na default-release. Mimi ningemwambia achukue folda hiyo yote, maana alama za kurasa ulizohifadhi nazo zimo humo.

Kuzirudisha si kazi ngumu. Sakinisha Firefox katika mfumo mpya, ifungue, kisha andika about:support mahali pa anwani. Ukurasa unaotokea una kitufe cha kufungua folda ya profili mpya. Folda ikishafunguka, funga Firefox kabisa, kwa sababu ikiwa wazi inaweza kuandika juu ya kazi yako. Bandika zile faili mbili, kubali zichukue nafasi ya zilizokuwepo, ufungue tena. Kama zamani ulikuwa umeweka neno la siri kuu la kulinda mengine, Firefox italidai; bila hilo, faili hazitakusaidia.

Kwa Chrome hesabu ni nyingine, na hapa ndipo wengi wanalia. Chrome pia ina folda yake, na watu huinakili wakifikiri wamejilinda. Lakini kwenye Windows, ufunguo wake umefungwa kwa akaunti ya mtumiaji ndani ya Windows ile ile. Ukifuta Windows, akaunti ile inakufa nayo. Kuunda akaunti mpya yenye jina lile lile na neno la siri lile lile hakuifufui, maana kwa Windows huyo ni mtu mwingine. Ukibandika folda ya zamani, alama za kurasa zinaweza kurudi, ila maneno ya siri yanabaki yamefungwa. Microsoft Edge, iliyojengwa juu ya msingi mmoja na Chrome, iko hivyo hivyo.

Basi mtumiaji wa Chrome hujilinda kabla ya kuformata. Njia ya kwanza ni kuunganisha Chrome na akaunti ya Google na kuruhusu maneno ya siri yahifadhiwe huko. Hapo, kabla ya kukata tamaa, angalia simu yako: kama ni Android na inatumia akaunti ile ile, maneno ya siri yanaweza kuwa yamo mfukoni mwako, katika mipangilio ya Google. Lakini hakikisha namba ya simu iliyosajiliwa kwenye akaunti bado ni yako. Laini iliyolala muda mrefu inaweza kupewa mtu mwingine, na msimbo wa kuthibitisha ukaenda kwake.

Njia ya pili haihitaji mega nyingi: katika mipangilio ya maneno ya siri kuna sehemu iliyoandikwa « Exporter les mots de passe ». Inatoa faili ya CSV ambayo baadaye utaiingiza katika kivinjari kipya. Faili hiyo haina ulinzi wowote. Anayeifungua anasoma kila kitu kama gazeti.

Suala la nani anayeshika mashine lina uzito kwa mwanafunzi anayekaribia kutetea TFC yake, kwa mfanyakazi wa shirika anayetuma ripoti, na kwa mama anayeagiza mali Dubai kwa barua pepe. Urahisi ule ule unaokusaidia katika Firefox unamsaidia pia mwizi: bila neno la siri kuu, mtu yeyote aliyenakili zile faili mbili ana akaunti zako zote. Fundi unayemwamini naye ana wasaidizi, na flashi zake hupita katika mashine nyingi. Kwa hiyo nakili mwenyewe, au kaa karibu wakati ananakili. Mashine ikirudi, faili ya CSV ifutwe kwenye flashi na kwenye diski, na kikapu cha takataka kimwagwe.

Na aliyekwisha kupoteza? Aanze na barua pepe, maana akaunti nyingine karibu zote hurudishwa kupitia hiyo. Abonyeze sehemu ya neno la siri lililosahaulika, akiwa na simu yenye namba aliyosajili, na ikiwezekana akitumia kifaa alichozoea kuingia nacho. Baada ya hapo, Facebook na nyingine zifuate moja moja.